Toleo la Mia Tisa

Jumatatu, 6 Mei

Jana nimeambiwa sina kazi. Na aliyeniambia ana kisu kirefu kuliko mkono wangu.

Mama Mkwe (bado si mama mkwe, lakini naandika hivyo ili nizoee) ana bucha, na nyuma ya bucha ndiko anakoishi. Tulikuwa tumekaa huko tunakula matunda. Akamwambia Mchumba, mimi nikiwa pale pale na chungwa mkononi, kwamba hawezi kumtoa binti yake kwa mtu ambaye kazi yake haionekani wala haisikiki. Seremala, unaiona meza. Dereva, unaliona gari. Huyu anabonyeza vitufe kutwa, jioni anasema amechoka. Amechoshwa na nini?

Nikamweleza kwa upole kwamba mizani anayopimia nyama ina programu ndani yake, na programu hiyo tunaitengeneza sisi ofisini. Akasema mizani ilikuwa inapima kabla hajanijua na itaendelea kupima nikishaondoka.

Chungwa likanipalia.

Jumapili ijayo wajomba wa Mchumba wanakuja kutoa neno la mwisho. Mama Mkwe amesema kabla ya siku hiyo anataka kuiona kazi yangu kwa macho au kuisikia kwa masikio. La sivyo, asilaumiwe.

Kuisikia! Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo. Kila mizani yetu ina kispika kidogo ambacho hadi leo kinajua kusema "pii" tu. Mizani itaongea! Itataja uzito! Kwa sauti yangu mimi!

Asubuhi nimempelekea Bosi wazo. Kalipenda. Sharti moja tu: nifuate foleni.

Naeleza hapa hiyo foleni, ili wajukuu wangu wakisoma wajue nilivyonyanyaswa. Kila toleo la programu lina namba. Mizani za mji mzima ziko kwenye toleo la 40. Tukibadilisha kitu tunatuma kifurushi kidogo, chenye yale tu yaliyobadilika. Ni kiraka: kimekatwa kwa ajili ya suruali fulani, ukikipeleka kwenye suruali nyingine hakishiki. Kwa hiyo la 41 linashonwa juu ya la 40, la 42 juu ya la 41. Na mizani hairudi nyuma. Ukiipelekea namba ndogo kuliko iliyo nayo, inakataa katakata.

Sasa, la 41 liko kwa nani? Kwa Nukta!

Nukta ni dada anayekaa meza ya jirani. Tunamwita hivyo kwa sababu haachi kitu wazi. Hata akikujibu "sawa" kwenye simu anaiwekea nukta. Toleo lake linakuza maandishi kwenye skrini, basi. Nimemuuliza atalitoa lini. Akasema akimaliza kulijaribu. Atamaliza lini? Likishajaribika.

Wajomba hawatasubiri lijaribike.

Jumanne, 7 Mei

Nimemchemshia Nukta chai. Nimemwekea sukari mwenyewe, nimekoroga mwenyewe. Nikamwomba anipishe kwenye foleni. Kainywa chai yote, kisha kasema haraka haraka haina baraka. Nikamwambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Akasema huyo mwana atakuwa salama zaidi huko aliko.

Chai yangu imepotea bure.

Mchana, nikiwa nimeegemea dirisha, akili ikafunguka. Nani kasema baada ya 40 lazima ije 41? Mizani haijui kuhesabu! Inajua kubwa na ndogo, kwisha. Kiraka changu nimekikata kwa ajili ya la 40, na la 40 ndilo liko madukani. Namba ya kukiandika juu yake naichagua mwenyewe.

Nikafikiria 42. Hapana. Nukta atakuja na 43, anipande kichwani. Nikafikiria 50. Nukta ni mvumilivu, 50 atafika.

900!

Kwa mwendo wake, akifika huko nitakuwa nimeshastaafu na meno sina. Nimecheka peke yangu hadi mhasibu akafunga mlango wake.

Kurekodi sauti nimekwenda stoo ya vifaa vya usafi, nikajifunika koti kichwani ili mwangwi usiingie. Nilipofika "Kilo mbili na robo! Karibu tena!" mama wa usafi akafungua mlango kuchukua ufagio. Kaniangalia. Kafunga mlango polepole, bila ufagio.

Nimeongeza na kitu kimoja cha ubunifu. Uzito ukichezacheza badala ya kutulia, maana yake kuna mtu kaegemeza kidole kwenye mizani. Basi mizani itasema, kwa ukali kidogo: "Ondoa mkono!" Haki kwa mteja! Mama Mkwe mji mzima unamjua kwa uaminifu wake, atalipenda hilo kuliko yote.

Nimejaribu kwa tofaa. Tofaa limetulia. Mizani imesema, "Gramu mia na themanini! Karibu tena!"

Sauti nzuri, jamani. Nzito. Sijui kwa nini sikuwa mtangazaji.

Jumatano, 8 Mei

Mungu hamtupi mja wake. Nukta kaenda kung'olewa jino!

Nia yangu ilikuwa kutuma kwenye mizani ya Mama Mkwe peke yake. Naapa. Lakini kidole kikiwa kwenye kitufe nikajiuliza: nikichukua bucha moja, maduka mengine nimwachie nani? Nukta arudi na shavu lake atawale mji? Nikachagua "mizani zote". Nikabonyeza.

Mizani huwa inamwomba mwenye duka abonyeze "Kubali" kabla haijapokea chochote. Wauzaji hawasomi, wanabonyeza tu ili iondoke machoni. Kufikia saa ya chakula cha mchana mji wote ulikuwa kwenye 900.

Jioni nikaenda buchani na Mchumba. Hewa ilikuwa ya ubaridi mzuri, hata lile feni kubwa la darini lilikuwa limezimwa. Mama Mkwe akatupia mbavu kwenye mizani bila kuangalia.

"Kilo moja na nusu! Karibu tena!"

Mama Mkwe akaruka. Mteja akaruka. Mbavu nazo zilikuwa karibu kuruka. Mama Mkwe akainama, akachungulia chini ya mizani, akauliza kwa sauti ya chini ni nani yumo humo.

Nikasema, ni mimi, Mama.

Lo! Kacheka mpaka kashika mlango! Kapima maini. Kapima funguo. Kavua kiatu, kakipima. Kapima redio, nayo ikiwa inaimba. Kila mara namwambia karibu tena, na kila mara anaitikia asante. Mwishowe kajifuta machozi, kasema basi, kweli, leo nimeisikia kazi yako.

Mchumba kanibana mkono. Nimerudi nyumbani natembea katikati ya barabara.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekwisha.

Leo kumepambazuka na joto la kutisha. Mji mzima umewasha mafeni. Na feni likipuliza juu ya mizani, uzito unafanya nini? Unachezacheza! Tofaa langu nililijaribu ofisini, madirisha yamefungwa, hata nzi hayupo. Ningejuaje?

Simu zimeanza kabla sijavuta kiti. Muuza vitunguu anauliza kwa nini mizani yake inamwita mwizi mbele ya wateja. Muuza kuku anauliza hivyo hivyo, na nyuma yake nasikia kuku, na nyuma ya kuku nasikia sauti yangu: "Ondoa mkono!" Muuza samaki ndiye aliyepatikana zaidi. Anauza samaki hai. Alimweka samaki juu ya mizani, samaki akapiga mkia, nikaanza: "Ondoa mkono! Ondoa mkono! Ondoa mkono!" Mteja akamwamuru ainue mikono. Akainua. Samaki akaruka, akatumbukia kwenye kikapu cha mtu mwingine, na hadi sasa wanagombana ni wa nani.

Kisha akapiga Mchumba. Mwalimu mkuu wa shule, mteja wa Mama Mkwe wa miaka na miaka, alikuwa anapimiwa nyama ya mchuzi. Duka limejaa. Na mimi, kwa sauti yangu nzito nzuri, nikamwambia Mama Mkwe aondoe mkono.

Nikauliza Mama anasemaje. Mchumba akasema hasemi. Ananoa visu.

Nikakimbilia kompyuta. Nikatuma la 40. Mizani zikajibu: toleo la zamani, limekataliwa. Nikachukua la 41 la Nukta, ambalo kumbe alilikamilisha kabla ya kwenda kung'olewa jino, likiwa safi kama sahani. Limekataliwa! Hata likija la 899 litakataliwa!

Sikukata tamaa. Mimi si mtu wa kukata tamaa. Nikachukua kifurushi cha la 40, nikafuta namba, nikaandika 901. Mizani zikaona 901, zikafurahi, zikakifungua, zikakitupa. Msingi haulingani! Kumbe kiraka cha la 40 kilikatwa kwa ajili ya suruali ya la 39, na suruali iliyovaliwa sasa ni yangu.

Nukta karudi na shavu kama embe. Haongei, mdomo unamuuma. Kalitazama toleo lake la 41 lililokufa kabla ya kuzaliwa. Kanitazama. Kachukua kipande cha karatasi, kaandika: "Kwa nini si elfu moja."

Na nukta mwishoni.

Swali zuri, kwa kweli. Sikuwa nimelifikiria.

Bosi kasema mizani zinazolalamikiwa ziwe zimenyamaza kufikia Jumamosi jioni. Zisiponyamaza, nikatafute kazi ya kuonekana na kusikika mahali pengine.

Ijumaa, 10 Mei

Nimekuja na mpango wa pamba.

Kama toleo halitoki, sauti izibwe! Pamba kidogo kwenye kispika cha Mama Mkwe, apate utulivu hadi wajomba waje. Maduka mengine nitayashughulikia baadaye.

Nimefika buchani nimevaa miwani ya jua na kofia. Nikapigwa na butwaa. Watu wamejaa hadi barabarani! Wengine wamesimama juu ya kreti ili waone. Bila shaka wamekuja kudai haki zao. Ndani nasikia kelele na vicheko, vile vicheko vya watu wanaomzomea mtu. Na katikati ya kelele nasikia mimi: "Ondoa mkono!"

Nikaona huruma. Mama wa watu! Mtu hajawahi kumpunja mteja hata kipande cha mfupa!

Nikajipenyeza kwa pembeni, nikapita chini ya kaunta kwa magoti, nikachomeka pamba. Mizani ikaendelea kusema, ila kama mtu aliyefungiwa kabatini. Watu wakaanza kupiga kelele kwamba haisikiki. Mtu akasema kuna mwizi chini. Nikainuka haraka, nikagonga kichwa kwenye kaunta, miwani ikaanguka, na Mama Mkwe akanikamata kola.

Kanitoa nje kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na kisu. Kasema nisiguse tena mizani yake, narudia, nisiiguse. Kisha karudi ndani, kachomoa pamba, na umati ukashangilia.

Wanashangilia aibu yake. Nimelia njiani kidogo. Vumbi pia lilikuwapo.

Jioni Mchumba kanipigia. Yeye ni mwalimu wa udereva. Kasema mwanafunzi wake siku ya kwanza kabisa humfundisha rivasi, kwa sababu kwenda mbele kila mtu anajua. Kaniuliza ilikuwaje mtu mzima akaunda gari bila rivasi. Nikamwambia mizani si gari. Akasema hata toroli linarudi nyuma.

Nikamuuliza kama Mama bado amekasirika. Akaanza kucheka, akasema niende mwenyewe nikaone, simu ikakatika. Au aliikata.

Jumamosi, 11 Mei

Siku ndefu! Lakini ya raha.

Asubuhi nimeenda kwa Nukta. Shavu limepungua, ulimi umerudi. Nilikuwa nimepanga hotuba, lakini nilipofungua mdomo nikasema tu: dada yangu, maji yamenifika shingoni. Akasema anajua, yamemfika na yeye, mimi ndiye niliyefungua bomba.

Kisha akanionyesha. Tusitume kiraka. Tutume suruali nzima! Kifurushi kizima, chenye programu yote tangu mwanzo hadi mwisho, ambacho hakiulizi ulikuwa umevaa nini. Ndani yake tuweke la 40 lile lile, pamoja na maandishi makubwa ya toleo lake la 41, bila sauti. Na namba iwe 901, kwa sababu shukrani kwangu hatuwezi tena kushuka. Tunarudi nyuma kwa kupanda mbele.

Nikamwambia hata mimi nilikuwa naelekea huko huko. Akanisogezea kiti.

Sharti lake lilikuwa moja: nikae naye nijaribu. Kujaribu! Kaleta mezani kila kitu kinachotikisika. Sufuria ya maji. Simu inayotetema. Puto. Saa ya mezani yenye kengele. Akawasha feni, akafungua madirisha, akaniambia nipime. Nimepima hadi mikono ikaota sugu. Mizani haikusema neno.

Tukatuma. Kifurushi ni kikubwa, kinajikokota kama konokono, lakini kinafika. Kwenye skrini tukaziona zikinyamaza moja moja: vitunguu, kuku, samaki. Nukta katabasamu, upande wenye jino. Nami nikatabasamu. Nikataka kumkumbatia, akanipa mkono.

Ikabaki moja. Imekataa. Mwenye duka habonyezi "Kubali".

Sikuhitaji kuuliza ni ya nani.

Nimekwenda kwa miguu mizito. Umati ulikuwa mkubwa kuliko wa jana. Mwalimu mkuu alikuwa mstari wa mbele, amekuja na kiti chake cha kukunja. Mama Mkwe akaweka paja la ng'ombe kwenye mizani. Feni lilikuwa limewashwa hadi mwisho, nyama inatingishika.

"Ondoa mkono!"

Mama Mkwe akainua mikono yote miwili juu. Akazunguka kama mwari anayeonyeshwa. Akauliza mkono upi, mkwe wangu? Huu? Au huu? Au nimeota wa tatu?

"Ondoa mkono!"

Akaipigia mizani magoti, akaiomba imsamehe mama wa watu mwenye mikono miwili tu. Watu hoi! Mwalimu mkuu alikuwa anajipepea kwa begi, hana hewa.

Nilibaki nimesimama mlangoni, mdomo wazi. Ndipo nikaelewa, na waliosimama karibu wakanijazia yaliyobaki. Siku ile ya Alhamisi, mizani ilipomshutumu, alikuwa ameinua mikono ili kumthibitishia mwalimu, na mimi nikaendelea kumshutumu tu. Wakatazamana, wakatazama feni, wakaanguka kicheko. Kesho yake mwalimu kaja na walimu wote. Visu alikuwa ananoa kwa sababu wateja wamezidi. Na jana waliposhangilia pamba kutoka, walikuwa wananishangilia mimi!

Nikamsogelea, nikamwomba abonyeze "Kubali" ili sauti iondoke.

Kacheka kidogo, kisha kaacha kucheka. Kaniambia polepole, watu wasisikie, kwamba tangu mumewe afariki hajapata mtu wa kubishana naye. Binti yake mpole, wateja wanamheshimu. Marehemu alikuwa anakosea kila siku, na kila siku anabisha, wala hakuwahi kununa. Sasa kapata mkwe wa namna hiyo hiyo, na mimi nataka kumnyamazisha?

Aibu na furaha vilikuja pamoja, sikujua nianze na kipi.

Kasema mkwe. Bila mabano!

Lakini Bosi je? Nikampigia, nikasikia Nukta nyuma yake akimkumbusha kwamba alisema zinyamaze zinazolalamikiwa. Hii hailalamikiwi, hii inapigiwa makofi. Bosi akaguna, akakubali. Ila Nukta akakataa mizani moja iachwe kwenye 900 peke yake kama mtoto aliyesahaulika shuleni, maana viraka vyote vijavyo vitashonwa juu ya 901 na hiyo haitashika hata kimoja. Akatengeneza 902, suruali nzima tena, yenye sauti na kitufe cha kuizima na kuiwasha. Akaijaribu kwa puto, kwa simu, kwa sufuria. Ikafika jioni.

Mama Mkwe akaniuliza kama bado nimo humo ndani. Nikasema nimo. Akabonyeza "Kubali" kwa kiwiko.

Jumapili, 12 Mei

Wamesema ndiyo!

Wamesema ndiyo, wamesema ndiyo! Naandika mara nne ili wajukuu wasiwe na shaka: wamesema ndiyo.

Wajomba ni wawili. Mkubwa hasikii vizuri. Mdogo ana meno mapya ya bandia, ambayo bado hayajakubaliana naye. Mama Mkwe kawapitisha kwanza buchani, kawasha feni, kaweka ulimi wa ng'ombe kwenye mizani. Nikasema aondoe mkono. Mjomba mkubwa, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesikia neno la mtu, akainua mikono yake yote miwili juu. Kauliza ni afande gani huyo. Alipoambiwa ni mimi, na kwamba hiyo ndiyo kazi yangu, kasema kijana mwenye sauti inayomfikia yeye, huyo si wa kuachwa aende.

Mjomba mdogo alitaka kuongeza jambo, meno yakamkatalia. Ikahesabiwa ndiyo.

Mchumba alikuwa amevaa gauni la njano. Sikuweza kula. Nilimwangalia tu, naye akawa ananikanyaga chini ya meza ili nile.

Nilimwalika Nukta, kaja na nanasi. Mama Mkwe kamshika mikono, kamshukuru mbele ya watu wote, na mimi nilipiga makofi kwa moyo mweupe. Karibu mweupe. Wangeweza kutaja na 900.

Baada ya chakula Mama Mkwe kaniomba jambo. Majibu ya "Ondoa mkono" yameanza kumwishia. Anataka mizani iseme na maneno mengine, mapya, ya uchokozi, apate pa kujibia. Nikaahidi papo hapo. Nukta, akiwa anatafuna, kasema vizuri, hilo litakuwa 903, likishajaribiwa. Nikasema bila shaka, dada. Bila shaka kabisa.

Mama Mkwe kasinzia kitini, mdomo wazi, anakoroma na mluzi juu. Wajomba wamelala huko huko.

Jumatatu, 13 Mei

Bosi kasema kuanzia leo nisiandike namba kwenye kitu chochote, hata mlango wa choo, bila Nukta kuniona. Sawa. Kila mtu ana haki ya kusema.

Nukta alipotoka kula, nikaingia stoo na koti langu. Nimerekodi maneno matamu! "Mama, hiyo nyama au mto wa kulalia?" "Ongeza, usiwe na roho ya kwanini!" "Kisu hicho ni cha kukatia au cha kukunia mgongo?" Mama Mkwe atafurahi hadi alie.

Nikiwa bado ndani ya koti Mchumba akapiga simu. Nikamwigizia Mama anavyokoroma, pamoja na ule mluzi. Nikamwigizia mjomba mdogo akiyafukuza meno yake kwenye sahani, na mjomba mkubwa akijisalimisha kwa ulimi wa ng'ombe. Tumecheka hadi nikakaa juu ya ndoo. Nilipokata simu nikaona kinasa sauti hakijazimwa. Si kitu. Nimekata kile kipande cha mwisho. Nadhani nimekikata. Nilikuwa bado nacheka, machozi yamejaa machoni.

Ikabaki namba. Nikiandika 903, Nukta atakuja na 904 anisafishe. Nikaanza kubonyeza tisa kwenye kile kisanduku cha namba, tisa, tisa, tisa, mpaka kisanduku kikakataa tisa nyingine. Juu ya hapo hakuna namba. Mizani haitaweza kupokea kitu kingine maisha yake yote! Namhurumia Nukta wa watu.

Na safari hii sikutuma mji mzima. Nimetuma kwa Mama peke yake. Mtu hujifunza.

Amebonyeza "Kubali" papo hapo. Mchumba anasema duka limejaa, mwalimu mkuu ameshakunjua kiti, na wajomba hawaondoki hadi jioni. Vizuri sana, nao watasikia.